Mkulima, soko lako limo ndani ya sufuria ya mama lishe

UKISHUKA kwenye basi katika kituo cha Msamvu mjini Morogoro saa saba mchana, huhitaji kuuliza chakula kinapatikana wapi. Hatua chache kutoka kituoni utakuta mabenchi, meza zilizotandikwa plastiki, masufuria yaliyofunikwa vizuri, na mama mwenye upawa mkononi akikuuliza kama unakula wali au ugali, na kama ni kwa maharage, mchicha, dagaa au nyama. Utakula, utakunywa maji, utanawa mikono na kuondoka bila kumaliza nauli yako.

Mkulima aliyeleta mazao mjini naye hula hapo. Asubuhi ameuza mpunga wake kwa dalali, mchana anakaa kwenye benchi na kuagiza wali. Anakula, analipa, anapanda gari kurudi kijijini. Mara chache sana humuuliza yule mama mchele ule ameununua wapi, kwa bei gani, na anahitaji kiasi gani kwa wiki. Pengine mchele alioula umetoka kwenye jaruba la jirani yake, umepita kwa dalali, kwa mwenye mashine, kwa muuzaji wa jumla na kwa mwenye duka, kisha ukafika kwenye sahani yake.

Katika makala haya nataka tuliangalie banda la mama lishe kwa jicho la biashara. Tumezoea kulizungumza kama mahali pa watu wa kipato cha chini kushibisha matumbo. Hilo ni kweli, lakini banda hilo pia ni soko la mazao linalofunguliwa kila siku, masika na kiangazi, na mkulima mdogo pamoja na mchuuzi wanaweza kulifikia bila barua ya mtu yeyote. Nimechagua Morogoro kwa sababu ni mji wa ukubwa wa kati, umezungukwa na wakulima, na ndio mji nilikojifunzia hesabu za kilimo.

Mji unavyokula

Morogoro upo takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam, mahali ambapo barabara ya kwenda Dodoma inaachana na ile ya kwenda Iringa na Mbeya. Una wasafiri, una wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), una mafundi, wapagazi na wachuuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambalo jengo lake jipya lilifunguliwa Februari 2021. Wengi wa watu hawa hawarudi nyumbani mchana. Lazima wale mahali.

Asubuhi mji unakunywa chai. Hapa kuna maandazi, chapati, mihogo ya kuchemsha au kukaanga, vitumbua na supu. Mchana ni zamu ya mama lishe, ambaye watu wazima bado humwita mama ntilie, jina lililotokana na mteja anayesema "nitilie". Hapo ni wali, ugali, ndizi, makande, maharage, mboga za majani na samaki. Jioni jiko linahamia kwa vijana wa chipsi, mayai na mishikaki.

Ukiitazama siku hiyo kama mkulima, utaona kwamba kila saa ina zao lake. Asubuhi inataka mihogo, sukari, unga wa ngano na mchele wa chenga, kwa sababu wapika vitumbua huloweka mchele na kuusaga, hivyo hawana haja ya kulipia punje nzima. Mchana unataka mchele mzuri, unga wa sembe, maharage, vitunguu, nyanya na mchicha. Jioni inataka viazi, mayai, kabichi na mafuta.

Karibu vyote hivyo vinalimwa ndani ya mkoa huu. Mpunga unatoka bonde la Kilombero na skimu ya Dakawa wilayani Mvomero. Kabichi, karoti na viazi vinashuka kutoka Mgeta kwenye milima ya Uluguru. Nyanya zinatoka Mlali, na ndizi zinatoka Matombo na Mkuyuni. Sukari inatengenezwa Kilombero na Mtibwa. Mama lishe wa Msamvu amezungukwa na mashamba, lakini mara nyingi hununua vitu vyake dukani, kilo mbili mbili, kwa bei ya rejareja.

Hesabu ya sufuria moja

Ili tuelewane, tuchukue mfano wa banda moja linalopika wali na maharage. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za kwao, kanuni haitabadilika.

Kilo moja ya mchele ikiiva hutoa kati ya kilo mbili na nusu na tatu za wali. Mama anayepakua vizuri hutoa sahani 6 kwa kilo. Tuseme anapika kilo 7, yaani sahani 42, na kila sahani anauza Sh2,000. Sufuria nzima ina thamani ya Sh84,000.

Matumizi yake ni haya: mchele kilo 7 kwa Sh2,400 ni Sh16,800. Maharage kilo 4 kwa Sh3,000 ni Sh12,000. Mafuta ya kula Sh6,000. Nyanya, vitunguu, nazi na chumvi Sh6,000. Mboga za majani Sh4,000. Mkaa Sh8,000. Maji na sabuni Sh2,000. Msaidizi wa kuosha vyombo na kupeleka chakula Sh7,000. Pango la eneo na ushuru Sh3,000. Jumla ni Sh64,800.

Kwa haraka haraka mtu atasema amepata faida ya Sh19,200 kwa siku, na hiyo ni biashara nzuri. Tatizo ni kwamba sahani zote 42 haziuzwi kwa fedha taslimu. Sahani 3 zinaliwa na yeye mwenyewe na watoto wake. Sahani 3 nyingine zinabaki, maana wali wa jana hauuziki. Sahani 2 zinaandikwa kwenye daftari la madeni, na wenye kuandikwa wanahama mtaa. Zimebaki sahani 34, sawa na Sh68,000. Ukitoa matumizi ya Sh64,800, mkononi inabaki Sh3,200.

Mama huyo ameamka saa kumi alfajiri na kufunga saa kumi jioni. Kwa saa hizo 12, msaidizi wake ameondoka na Sh7,000 na yeye mwenye banda ameondoka na Sh3,200 na sahani tatu za wali. Kwa siku 26 za mwezi anapata Sh83,200. Kama hana daftari la matumizi, hataliona jambo hili. Ataona benchi zimejaa, ataona fedha zinaingia kwenye kikopo, na ataamini mambo yanakwenda vizuri.

Nalisema hili nikiwa na deni langu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea uchumi wa kilimo, mimi na wenzangu tulikuwa tukila kwa mama mmoja ambaye benchi zake hazikuwa na nafasi saa za mchana. Fedha zikichelewa, alituandika. Mwishoni mwa muhula nilikuwa nadaiwa sahani tatu. Nilikwenda likizo nikiwa na nia ya kulipa nikirudi. Niliporudi, pale palipokuwa na jiko palikuwa na kijana anauza vocha za simu. Jirani yake alitueleza kwa maneno machache kwamba mtaji wa mama uliliwa. Sisi tuliokuwa tunajifunza darasani namna ya kukokotoa gharama za uzalishaji, hakuna aliyewahi kukaa naye nusu saa tukahesabu sahani zake. Zile sahani mbili za daftari katika mfano wangu, mojawapo ningeweza kuwa mimi.

Mchele unapopanda bei

Sasa tuangalie kinachotokea mchele ukipanda kutoka Sh2,400 hadi Sh2,800 kwa kilo. Kwa kilo 7, ongezeko ni Sh2,800. Zile Sh3,200 zinabaki Sh400. Mchele ukiongezeka shilingi mia moja tena, mama anaanza kulisha mji kwa fedha zake mwenyewe.

Kwa nini asipandishe bei ya sahani? Kwa sababu mteja wake ana noti moja ya Sh2,000 kwa ajili ya chakula cha mchana. Sahani ikiuzwa Sh2,200, mteja atatafuta chenji, atanung'unika, na kesho atakaa kwenye benchi la jirani. Bei ya sahani haipandi kidogo kidogo kama bei ya mchele. Inakaa pale pale muda mrefu, halafu siku moja inaruka kwa Sh500.

Wakati bei inakaa pale pale, kinachobadilika ni ujazo. Badala ya sahani 6 kwa kilo, mama anapakua 7. Kwa sahani zile zile 42, sasa anahitaji kilo 6 tu, na kilo 6 kwa Sh2,800 ni Sh16,800, sawasawa na alichokuwa anatumia zamani. Hesabu yake imerudi mahali pake. Anayelipa ongezeko ni mteja, ambaye kila sahani imepungua takriban gramu 24 za mchele mkavu. Mpagazi anayebeba magunia sokoni atalitambua hilo kabla ya saa tisa.

Mteja akishaona hashibi, ataongeza chapati kama anazo fedha, au ataondoka. Wateja wakiondoka, gharama zisizotegemea idadi ya sahani zinabaki vile vile. Mkaa, maji, msaidizi na pango ni Sh20,000 kwa siku. Ukiuza sahani 42, kila moja inabeba Sh476 ya gharama hizo. Ukiuza 30, kila moja inabeba Sh667. Hivyo ndivyo banda lenye miaka kumi linavyoweza kufungwa ndani ya msimu mmoja.

Mkulima anaweza kudhani hayo hayamhusu, maana bei ikipanda yeye ndiye anayenufaika. Si mara zote. Bei ya mchele mara nyingi hupanda wakati mkulima mdogo ameshauza mpunga wake wote. Banda likifungwa, msimu ujao mnunuzi mmoja amepungua, na mkulima amebaki na yule yule dalali wa kila mwaka.

Eka nane kwa banda moja

Wapo watakaosema kwamba mama lishe mmoja ni mteja mdogo mno. Tupige hesabu. Kilo 7 za mchele kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilo 182. Kwa mwaka ni kilo 2,184. Mpunga ukikobolewa vizuri hutoa takriban asilimia 65 ya uzito wake kama mchele, kwa hiyo banda hili linahitaji kilo 3,360 za mpunga kwa mwaka. Mkulima anayetegemea mvua na kupata magunia 10 ya kilo 80 kwa eka anahitaji zaidi ya eka 4 kulisha sufuria hilo moja.

Maharage nayo ni kilo 4 kwa siku, sawa na kilo 1,248 kwa mwaka. Kwa mkulima anayevuna kilo 300 kwa eka, hizo ni eka 4 nyingine. Kwa maneno mengine, nyuma ya benchi mbili na sufuria mbili kuna shamba la eka 8, bila kuhesabu vitunguu, nyanya na mchicha. Mabanda 10 yaliyo jirani yanakula eka zaidi ya 80. Kikundi cha wakulima 20 wenye eka nne nne kinaweza kupata soko la mazao yake yote katika mtaa mmoja.

Mchele wa zamani, maharage mapya

Kabla ya kukimbilia kuuza, ni vizuri kujua mteja huyu anataka nini, maana anachotaka si sawa na anachotaka mnunuzi wa nyumbani.

Mama lishe anataka mchele unaovimba na kuachana. Mchele uliotoka kuvunwa hunyonya maji kidogo na kushikamana. Mpunga uliokaa ghalani miezi kadhaa hutoa mchele unaonyonya maji zaidi, unaoongezeka sufuriani na usiogandana. Kwa anayeuza sahani, tofauti hiyo ni fedha. Ndiyo maana wapishi wengi wakifika dukani huuliza kama mchele ni wa zamani.

Kuhusu mbegu, Supa inapendwa kwa harufu yake. SARO 5, ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306, inapendwa na mkulima kwa mavuno mengi, hasa kwenye skimu za umwagiliaji. Yoyote utakayoleta, usichanganye. Mpishi hupima maji kulingana na mchele aliouzoea. Akipewa gunia lenye mchele wa aina mbili, nusu ya sufuria itaiva na nusu itakuwa na kiini, na hatakuamini tena. Mawe ni kosa kubwa zaidi, maana mteja akiuma jiwe humlaumu mpishi mbele ya watu.

Kwa maharage mambo ni kinyume. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hukakamaa, na hata ukiyachemsha nusu siku hayalainiki. Kila saa ya ziada jikoni ni mkaa. Kwa hiyo mama lishe anataka maharage mapya, ya aina moja, yanayoiva kwa pamoja. Watafiti wa SUA wametoa mbegu kadhaa za maharage zikiwamo Rojo, Mshindi na Pesa. Anayelima kwa ajili ya soko hili aulize maofisa ugani kuhusu mbegu inayoiva haraka, siyo inayozaa sana tu.

Wakulima wengi hufanya kinyume cha mahitaji hayo. Mpunga huuzwa mara tu baada ya kupura, wakati bei iko chini na mchele bado mbichi, halafu maharage huwekwa ndani kama akiba hadi yanakakamaa au kubunguliwa. Ushauri wangu ni huu: ukihitaji fedha za haraka baada ya mavuno, toa maharage kwanza na uache mpunga usubiri. Mpunga uanikwe hadi ukauke vizuri, uhifadhiwe bila kukobolewa, juu ya chaga, mahali pakavu. Maharage utakayobakiza kwa chakula na mbegu yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Chenga usizidharau. Ukichekecha mchele wako, punje nzima zipeleke kwa mama wa mchana na chenga kwa mpika vitumbua. Ukiuza vyote pamoja, utalipwa bei ya chenga kwa mzigo wote.

Namna ya kuuziana

Dalali si adui. Analipa papo hapo, anatafuta gari, na anabeba hasara mzigo ukiharibika. Anayetaka kumruka lazima awe tayari kuifanya kazi yake. Mkulima mmoja wa Ifakara hawezi kusafirisha kilo 42 za mchele kila wiki hadi Msamvu, nauli itakula kila kitu. Kinachowezekana ni kikundi kukusanya mpunga, kuuleta mjini mara moja, kuuhifadhi kwa mwenye mashine ya kukoboa na kuutoa kidogo kidogo kwa mabanda.

Tuendelee na mfano wetu. Tuseme dukani mchele ni Sh2,400 na dalali anamlipa mkulima bei inayolingana na Sh1,900 kwa kilo ya mchele. Kikundi kikiuza kwa Sh2,200 na kutumia Sh100 kwa usafiri na ghala, mkulima anabaki na Sh2,100, yaani Sh200 zaidi. Mama lishe anaokoa Sh200 kwa kilo, ambazo ni Sh1,400 kwa siku. Kumbuka kwamba faida yake yote ilikuwa Sh3,200.

Yapo masharti machache yanayolinda biashara hii. La kwanza, uzeni kwa mizani, siyo kwa sado wala kwa debe. Kipimo cha kujazwa kwa mkono huleta ugomvi, na lumbesa ni kosa kisheria. La pili, mzigo uwe wa wiki moja. Kwa banda la mfano wetu linalopika siku sita, hiyo ni kilo 42 za mchele na kilo 24 za maharage. Bodaboda inaweza kuzifikisha.

La tatu linahusu mkopo. Mama lishe hununua kidogo kidogo kwa sababu hana mtaji wa gunia, kwa hiyo ataomba kulipa baadaye. Mnaweza kumkubalia, lakini mzigo wa wiki hii ulipwe kabla ya mzigo wa wiki ijayo kushushwa. Deni la wiki moja linalipika. Deni la wiki nne linamfanya mteja abadilishe njia akikuona. La nne, kubalianeni bei ya mwezi mzima. Mama akijua mchele hautapanda hadi mwisho wa mwezi, hatakuwa na sababu ya kupunguza sahani.

Mwenye banda naye ana kazi ya kufanya. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike kilo alizopika, sahani alizouza, zilizobaki, zilizoliwa nyumbani na zilizokopwa. Apakue kwa kikombe kimoja kile kile ili kilo isitoe sahani sita leo na tano kesho. Aloweke maharage usiku, maana huiva mapema na kuokoa mkaa. Akusanye madeni kila Jumamosi. Katika mfano wetu, akilipwa zile sahani 2 za mkopo anapata Sh4,000, na faida inapanda hadi Sh7,200. Akiongeza Sh1,400 za mchele wa kikundi, inafika Sh8,600. Kwa mwezi ni Sh223,600 badala ya Sh83,200. Hajapandisha bei, na hajapunguza wali wa mtu.

Bei ya mchele ikizidi, asing'ang'anie wali. Ndizi za Matombo, makande na ugali vinaweza kushika nafasi kwa siku mbili tatu za wiki. Mteja anayekuja kushiba hatakataa makande yaliyoungwa vizuri.

Mikopo, nishati na usafi

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha mama lishe wanaonunua mchele pamoja kina sababu nzuri ya kuomba, mradi kiwe na daftari la kuonyesha. Fedha hizo zinunue gunia, mizani na sufuria. Zikitumika kulipa ada na kodi ya nyumba, marejesho yatatoka kwenye mtaji.

Kumbukumbu zina faida nyingine. Vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa Sh20,000 viliwalenga wenye mauzo yasiyozidi Sh4,000,000 kwa mwaka. Ukigawa kiasi hicho kwa siku 312 za kazi unapata chini ya Sh13,000 kwa siku, ambazo hazifiki sahani 7 za Sh2,000. Banda lenye sufuria la kilo 7 linavuka kiwango hicho kwa mbali, ingawa mwenye nalo anabaki na Sh3,200. Mauzo makubwa si faida kubwa, na asiye na maandishi hawezi kumthibitishia mtu yeyote tofauti hiyo.

Kuhusu nishati, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mama lishe asisubiri kulazimishwa. Aandike mkaa wa wiki nne, kisha aulinganishe na gharama ya mtungi wa gesi kwa kazi ile ile. Huenda akaona afadhali maharage yabaki kwenye jiko banifu na chai ihamie kwenye gesi. Daftari ndilo litakaloamua.

Usafi nao ni sehemu ya mtaji. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi, na maeneo kadhaa uuzaji wa chakula kando ya barabara ulizuiwa. Banda likifungwa wiki mbili, mkulima wa mchicha naye anakaa na mboga zake zikinyauka. Maji ya kunawa yanayotiririka, sabuni, chakula cha moto na vipimo vya afya kwa wanaopika ni gharama ndogo kuliko kufungiwa.

Mwisho, wote wawili watazame mteja anakohamia. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, baadhi ya wasafiri hawapiti tena Msamvu. Anayeuza kwa wasafiri peke yao yuko hatarini. Anayeuza kwa mafundi, wanafunzi na wachuuzi wa mtaa wake ana wateja wa kila siku.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, safari ijayo ukikaa kwenye benchi la mama lishe, kula kwanza. Ukimaliza, muulize mama anapika kilo ngapi, ananunua kwa nani na kwa shilingi ngapi. Kisha mwachie namba yako ya simu na kilo mbili za mchele wako wa zamani aujaribu. Nawe unayekula hapo kila siku na kuandikwa kwenye daftari, lipa kabla hujahama.